Nilimzuia kwa hatua 65, nikampa mchezo kwa hatua mbili

Majina ya raundi ya tatu ya mashindano ya chesi yalipobandikwa ukutani nilianza kutafuta langu kutoka chini, kama nilivyozoea. Sikuliona. Nikapandisha macho, nikalikuta katikati ya orodha, mbele yake alama 1512. Aliyepangwa nami alikuwa na 1987. Nikasoma mara mbili, nikatoka nje kuvuta pumzi, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kupoteza, saa nzima kabla ya mtu yeyote kugusa kete.

Nimeandika haya kwa ajili ya yule ambaye mashindano yake ya kwanza au ya pili yako mbele yake, anayejua kwamba wakati wowote atakalishwa na mtu aliyemzidi mbali. Litatokea. Mashindano mengi ya wazi huchezwa kwa mfumo wa Uswisi: hakuna anayetolewa, kila raundi unakutanishwa na mtu mwenye pointi sawa na zako. Raundi ya kwanza orodha hupangwa kwa alama na kukatwa katikati, wa kwanza wa nusu ya juu akapewa wa kwanza wa nusu ya chini. Kwa hiyo mnyonge hukutana na mwenye nguvu mapema. Na akishinda michezo miwili, kama nilivyoshinda mimi, anakutana naye tena.

Kwanza tuelewane kuhusu zile namba, kwa sababu mimi zilinitesa kwa kutozielewa. Zinaitwa alama za Elo kwa jina la Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na Shirikisho la Kimataifa la Chesi, FIDE, lilianza kuzitumia mwaka 1970. Hazisemi nani ana akili. Zinakadiria mtu atapata pointi ngapi kwa wastani dhidi ya mtu fulani, ushindi ukiwa pointi moja na sare nusu. Pengo la alama 200 lina maana kwamba mwenye nguvu anatarajiwa kupata takriban 0.76 ya pointi kwa kila mchezo. Pengo letu lilikuwa 475, na kwa watu wa kiwango chetu pengo linalozidi 400 huhesabiwa kama 400, ambapo mwenye nguvu anatarajiwa kupata 0.92 na mnyonge 0.08.

Ukiigeuza hesabu hiyo, moyo unatulia. Mimi nilikuwa bado sijafikisha michezo 30 iliyohesabiwa, na kwa mchezaji mpya tofauti kati ya pointi alizopata na zilizotarajiwa huzidishwa kwa 40. Nikishindwa ninapoteza alama 3.2. Nikipata sare ninapata 16.8. Nikishinda, 36.8. Yaani mimi sikuwa na cha kupoteza, yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Laiti mtu angenikalisha asubuhi ile akanionyesha namba hizo tatu kwenye karatasi! Badala yake niliingia ukumbini kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu.

Niseme pia jinsi nilivyojiandaa, maana kosa la kwanza liko huko. Usiku tatu kabla ya mashindano nilikuwa nalala saa nane nikikariri Ufunguzi wa Kihispania, ule ambao nyeupe hupeleka askofu b5 kwenye hatua ya tatu (kila mraba hutajwa kwa herufi ya safu yake, a hadi h, na namba ya mstari wake, 1 hadi 8). Nilikuwa na hatua 14 kichwani, matawi yake yote, nikijisikia tajiri. Katika usiku zote tatu sikupanga hata mara moja mkao wa mwisho wa mchezo, ngome kwa ngome, askari mmoja ubaoni. Niliona huo ni mtaji wa mabingwa. Mimi sitafika huko, nitakuwa nimeshinda au nimeshindwa kabla.

Nilicheza nyeusi. Alikuwa mzee wa makamo, mtulivu, amevaa miwani aliyoifuta kwa pindo la shati kabla ya kukaa. Akanipa mkono, akasema, "Mchezo mwema, kijana." Nikajibu, "Nawe pia, mzee," na sauti yangu ikatoka nyembamba. Muda ulikuwa dakika 90 kwa kila mmoja, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua.

Akasukuma e4, nikajibu e5. Farasi f3, farasi c6. Nikawa namsubiri askofu b5 kwa hamu. Akamweka c4. Askofu wa c4, ufunguzi wa Kiitaliano, tena kwa njia ile ya polepole ya kusogeza askari wa d mraba mmoja tu. Usiku zangu tatu zikaisha pale pale. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba wachezaji wenye nguvu hufanya hivyo kwa makusudi wakikutana na sisi: hawatafuti kutushinda kwenye hatua ya kumi, wanatafuta mkao wenye kete nyingi, usio na papara, ambao itabidi tuufikirie wenyewe. Kufikia hatua ya 12 nilikuwa nimetumia dakika 34. Yeye alikuwa ametumia tisa.

Sasa nije kwenye hatua ya 17, ambayo bado naiona nikifumba macho. Mfalme wake alikuwa g1. Askari wa f alikuwa ameshasukumwa hadi f4, hivyo mshazari unaoteremka kutoka b6 hadi g1 ulikuwa wazi kabisa, bila kete. Askofu wake alikuwa b3. Askari wa a alikuwa amesonga mbele, farasi wote wawili walikuwa upande wa mfalme, na mlinzi pekee wa askofu huyo alikuwa malkia aliyesimama d1. Akamchukua malkia, akamweka e2, akabonyeza saa.

Malkia wangu alikuwa d8. Njia ya kwenda b6 ilikuwa wazi. Malkia b6, cheki, yaani mfalme ametishiwa: lazima ajibu, na askofu wa b3 analiwa bure. Kete nzima, dhidi ya mtu wa 1987.

Sikuiona. Ila kusema sikuiona si ukweli wote. Nilikaa dakika mbili, nikamtazama usoni, nikamwona ametulia, nikajiambia mtu kama huyu hawezi kuacha kitu wazi. Basi sikutafuta. Nikala askari wa f4 na mchezo ukaendelea. Jioni nilipouweka mchezo kwenye kompyuta, programu ya Stockfish ikapandisha ile nguzo yake ya tathmini upande wangu mpaka juu, na nikahisi kama nimepigwa kifuani. Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja, na ningependa uuchukue: kila mpinzani anapohamisha kete, kabla ya kujiuliza anataka nini, ninajiuliza kete hiyo imeacha kulinda nini. Halafu naziangalia cheki zangu zote, hata zile za kijinga. Inachukua sekunde 15. Namba iliyoandikwa kando ya jina lake haimlindi askofu wa b3.

Baada ya hapo nikaingia kwenye kosa ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Mawazo yangu yalikuwa haya: ananizidi, kwa hiyo nikipunguza kete ubaoni nitapunguza njia zake za kunishinda, mwishowe tutabaki na vitu vichache na tutakubaliana sare. Nimewauliza wenzangu wengi wa kiwango changu, karibu wote wanafikiri hivyo hivyo. Na ni kinyume kabisa. Kwenye msitu wa kete nyingi hata mtu wa 1987 anaweza kumsahau askofu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, ingawa sikujua kwamba nimeona. Kwenye uwanja uliobaki weupe, wenye wafalme wawili, ngome mbili na askari wachache, ndipo miaka yake 20 ya kucheza inapokutana na usiku zangu tatu za kukariri ufunguzi. Mimi nilidhani napunguza pengo, kumbe nilikuwa nalipeleka mahali ambapo ni pana kuliko popote.

Hatua ya 20 nikasukuma d5, askari wakalana, nikabaki na askari mmoja pale d5 asiye na jirani kulia wala kushoto. Hatua ya 21 tukabadilishana malkia kwenye safu ya e. Mimi ndiye niliyemfuata. Nikashusha pumzi. Yeye akanywa maji kidogo, akavuta kiti karibu na meza, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze akaonekana yuko nyumbani. Farasi wake akaja kukaa d4, mbele ya askari wangu mpweke, na hapo hakuna aliyeweza kumfukuza. Kila ubadilishanaji ulioniletea faraja ulimwacha yule askari akiwa na mlinzi mmoja pungufu.

Katikati ya hayo nikafanya jambo ambalo nililazimika kuliombea radhi. Nikamwomba sare. Mara ya kwanza baada ya malkia kutoka, akatikisa kichwa kwa upole. Mara ya pili hatua nne baadaye. Mara ya tatu nilimwomba wakati saa yake inakimbia, ameinamia ubao anafikiri. Akainua mkono, mwamuzi akaja, nikaonywa. Kanuni ni kwamba unacheza hatua yako kwanza, unasema unaomba sare, ndipo unabonyeza saa. Na wote wawili mnaandika alama ya sawasawa kwenye karatasi zenu. Kumsumbua mpinzani kwa maombi yasiyo na msingi ni kosa na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Lakini hata bila kanuni, fikiria ulichomwambia mtu aliyekuzidi alama 475 unapomwomba sare kwenye mkao unaomfaa yeye. Umemwambia unaogopa, na umemwambia unataka nini. Kilichobaki kwake ni kukunyima.

Hatua ya 43 akamla askari wa d5. Sitaki kukaa sana kwenye hatua 18 zilizofuata; zilikuwa kazi ngumu, na kwa haki niseme nilizicheza vizuri kuliko nilivyotarajia. Askari wa pembeni waliisha mmoja mmoja. Saa yangu ilikuwa na dakika moja na sekunde chache, nikiishi kwa zile 30 za nyongeza, wakati yeye bado alikuwa na zaidi ya nusu saa. Hapa nikuonye jambo: kwa kuwa kuna nyongeza ya sekunde 30, huruhusiwi kuacha kuandika hatua hata ukiwa umebakiwa na sekunde kumi. Unacheza, unaandika, unacheza, unaandika. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka na herufi zangu zimeanza kupandana, na hilo lilikuja kunigharimu.

Hatua ya 61 tukafika kwenye mkao huu, nao nakuomba uupange ubaoni kama unao karibu. Nyeupe: mfalme c5, askari d5, ngome g7. Nyeusi, yaani mimi: mfalme d8, ngome h6. Basi, hakuna kingine.

Mkao huu ni sare. Mchezaji Mfaransa François-André Danican Philidor aliufafanua tangu karne ya 18, na ulinzi wake unaitwa kwa jina lake. Mfalme wa mlinzi anakaa mbele ya askari. Ngome yake inakaa mstari wa sita na kumzuia mfalme wa adui asiingie mstari huo. Mlinzi hafanyi lolote ila kusubiri, ngome ikienda na kurudi kwenye mstari ule ule. Siku adui akichoka akamsukuma askari hadi mstari wa sita, askari huyo anakuwa ameichukua nafasi ambayo mfalme wake angejificha. Hapo ngome inashuka moja kwa moja hadi mstari wa kwanza, mbali kabisa, na kuanza kumpigia mfalme cheki kutoka nyuma. Mfalme hana pa kujikinga. Jambo lenyewe lina sehemu mbili tu: subiri kwenye wa sita, kisha shuka hadi wa kwanza.

Nilikuwa nimeipata sehemu ya kwanza bila kujua inaitwaje. Niliiweka ngome h6 kwa sababu niliona inamzuia mfalme wake, na nilifurahi kwa kuigundua mwenyewe. Akahamishia ngome yake a7, mimi yangu f6. Akarudi g7, nikarudi h6. Akaenda a7, nikaenda f6. Akarudi g7.

Moyo ukanienda mbio. Nilijua kwamba mkao ukijirudia mara tatu ni sare. Nikahesabu: hatua ya 61 ngome yangu ilikuwa h6 na yake g7. Hatua ya 63 vivyo hivyo. Sasa ni ya 65, nikirudi h6 ni mara ya tatu. Nilikuwa nimempata! Nikaishika ngome, nikaiweka h6, nikabonyeza saa, nikasimamisha saa zote mbili na kumwita mwamuzi kwa mkono. "Sare," nikasema. "Mara tatu."

Mwamuzi akainama, akatazama saa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Zamu ya nani sasa?"

Nikamwelekezea mzee wa miwani. Mwamuzi akasema, "Basi huwezi kudai. Mchezo unaendelea," akaiwasha saa.

Kanuni iko hivi, na nakuomba uishike kama unavyoshika jina lako. Sare ya kurudia mara tatu haiji yenyewe, lazima idaiwe, na anayedai lazima iwe zamu yake. Kama hatua yako ndiyo itakayoleta mkao kwa mara ya tatu, usiicheze. Usiiguse kete. Iandike kwenye karatasi yako, simamisha saa, mwite mwamuzi, mwambie, "Nakusudia kucheza hatua hii, na mkao utakuwa umetokea mara ya tatu." Kuandika hatua kabla ya kuicheza ni marufuku siku zote, na ruhusa ipo pale tu unapodai sare. Ukishagusa kete, haki ya kudai kwa hatua hiyo imepotea. Kama mpinzani ndiye aliyeuleta mkao kwa mara ya tatu, unadai papo hapo, kabla ya kugusa chochote. Dai likiwa si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika mbili na mchezo unaendelea. Ni mpaka mkao utokee mara tano ndipo mwamuzi anaumaliza mchezo mwenyewe bila kuombwa.

Na hata ningefuata utaratibu huo, mwamuzi angehitaji ushahidi, na ushahidi ni karatasi. Hatua ya 62 na ya 63 kwenye karatasi yangu zilikuwa zimeandikwa kwenye kisanduku kimoja, moja juu ya nyingine. Ya mzee ilikuwa safi kama daftari la mwalimu.

Kilichonipata baada ya hapo kilidumu labda sekunde 40. Masikio yalikuwa yanavuma. Niliona aibu, nikaona watu wa meza ya jirani wananitazama, nikaona kwamba nimeikamata sare kwa mkono na kuiachia. Sikuwa tena ubaoni. Mzee akamsukuma askari wake hadi d6.

Askari akishafika mstari wa sita, ngome inashuka mstari wa kwanza: ngome h1, mfalme wake akienda c6 napiga cheki c1, akirudi d5 napiga cheki d1, na tunaweza kukaa hapo mpaka usiku. Mimi nilitaka kufanya kitu mara moja, chochote, kufuta ile aibu. Nikapiga cheki ya karibu: ngome h5.

Mfalme wake akapanda c6. Nikatafuta cheki nyingine. Kutoka mstari wa tano, mraba pekee wa kupigia ulikuwa c5, na hapo mfalme wake angeila ngome yangu. Sikuwa na umbali. Tofauti kati ya h5 na h1 ni miraba minne, na miraba hiyo minne ndiyo nusu pointi yangu. Alikuwa anatishia ngome g8 na mchezo kwisha. Nikarudisha ngome h8 kuulinda mstari wa nyuma. Akaichukua ngome yake g7, akaitelezesha hadi a7 bila haraka. Sasa alikuwa anatishia ngome a8. Mfalme akienda c8, ngome a8 inamaliza. Akienda e8, ngome a8 ni cheki na ngome yangu ya h8 inaliwa. Nikasimamisha saa, nikampa mkono. Zilikuwa zimepita kama saa tatu na nusu.

"Pole, mwanangu," akasema. Halafu akafanya jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Akazikusanya kete, akaniambia tutoke tukakae chumba cha uchambuzi, na huko akaupanga mkao ule ule: mfalme d8, ngome h6. "Jilinde," akasema. Akasukuma d6, nikashuka h1, nikampeleka huku na huko kwa cheki kama kumi, akatabasamu. Akapanga tena. Mara ya nne akaniuliza kwa nini nilipiga h5. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa bado nabishana na mwamuzi kichwani. Akatikisa kichwa kukubali, akasema na yeye hatua ya 65 alikuwa ameshaona ni sare, alisukuma d6 kwa sababu hakuwa na lingine la kujaribu, na kwamba alipoona mimi nimevurugika alijua kuna nafasi. Nikamwombea radhi kwa zile sare za kuombaomba. Akasema tangu nimwombe ile ya kwanza alijua anachotakiwa kufanya ni kukaa tu.

Ile ya b3 hakuijua mpaka nilipomwandikia siku ya pili. Alijibu kwa neno moja: "Kweli!"

Gharama haikuishia kwenye zile alama 3.2. Raundi ya nne ilianza saa moja na nusu baadaye. Sikula chochote cha maana, sikunyoosha miguu, muda wote nilikuwa nairudia h5 akilini. Nikakalishwa na mtu wa 1430, ambaye kwa siku ya kawaida ningemweza, nikamwachia farasi kwenye hatua ya 15. Mchezo huo ulinitoa alama nyingi kuliko ule wa mzee, na ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu huo sikushindwa na aliyecheza nami. Siku hizi, mchezo ukiisha vibaya, karatasi naikunja naiweka ndani ya begi na siifungui mpaka raundi za siku ziishe. Natembea. Nakula hata kama sina hamu. Simu nayo naiacha kabisa nje ya ukumbi, kwa sababu kukutwa nayo wakati wa mchezo kunaweza kukupotezea mchezo, na kwa sababu ukiwa nayo utataka kuangalia kompyuta imesema nini.

Raundi ya tano nikapewa tena mtu wa juu, 1840. Safari hii niliamua sitamfuata malkia wake. Niliziacha kete zote ubaoni, nikafungua upande wa mfalme, nikamfanya afikiri. Nilishindwa kwa hatua 34, na nilishindwa haki, kwa shambulio zuri ambalo nililiona likija na sikuweza kulizima. Lakini kwenye hatua ya 25 alitumia dakika 22 kwa hatua moja, na saa yangu ilikuwa na muda mwingi kuliko yake. Tulipochambua, akanionyesha mahali ambapo hakuwa na uhakika kama anashinda au anashindwa. Mzee wa miwani hakuwahi kuwa na wasiwasi wa namna hiyo tangu malkia walipotoka.

Maandalizi yangu nimeyapindua. Ufunguzi naupa nusu saa, niujue kwa mawazo yake tu, nani anataka kwenda wapi. Muda uliobaki naupa ngome na askari. Jioni kabla ya mashindano nampa mdogo wangu kete nyeupe: mfalme c5, askari d5, ngome g7. Mimi nachukua mfalme d8 na ngome h6. Amekwisha kuijua kazi yake. Ananizungusha, anaongea, anagonga meza, ananiambia muda umekwisha, na akiona nimechoka anamsukuma askari hadi d6. Ngome yangu inashuka h1. Tunapanga tena.